Nyumba ya kikoloni ya Marekani, anza kuisoma kwenye dohani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Massachusetts na tunatafuta nyumba ya kununua. Dalali kila akituonyesha nyumba ya ghorofa moja yenye mlango katikati anasema, "Hii ni Colonial." Juzi alituonyesha moja ambayo karatasi zake zinasema ilijengwa 1962! Naomba unieleze, nyumba za enzi za ukoloni zilikuwaje hasa, nje na ndani? Nitazitambuaje? Na mbona zile tulizoziona Virginia tulipokwenda kutembea hazifanani na za huku?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Dalali wako hajakudanganya, ila anazungumza lugha ya soko. Katika biashara ya nyumba huko Marekani, "Colonial" ni jina la umbo tu: ghorofa moja, mlango katikati, madirisha yamepangwa sawasawa kulia na kushoto, ukifungua mlango unakutana na ngazi. Umbo hilo linajengwa mpaka leo. Nyumba za ukoloni wenyewe ni zile zilizosimamishwa kuanzia miaka ya mwanzo ya 1600 hadi vita vya uhuru vilivyoanza 1775. Zilizobaki ni chache, na jimbo lenu la Massachusetts limebahatika kuwa na za zamani sana.

Watu wengi wakitaka kujua nyumba ni ya mtindo gani hutazama mlango, nguzo na madirisha. Mimi nakushauri uinue macho kwanza, utazame dohani, lile bomba la moshi linalochomoza paani. Iko wapi? Katikati ya paa, au kwenye ncha mbili za nyumba? Ni nene au nyembamba? Moto ndio uliopika, uliopasha joto na uliotoa sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo pale ulipowekwa moto ndipo vyumba vyote vilipopangwa kuuzunguka. Milango na madirisha yamebadilishwa mara nyingi katika nyumba za zamani. Dohani ya tani nyingi za mawe na matofali haihamishwi hivi hivi.

Tuanze na huko kwenu. Nenda Dedham, nje kidogo ya Boston, ukaione nyumba ya Fairbanks. Mbao zake zimepimwa kwa kuhesabu pete za miti, na zinaonyesha kwamba ilijengwa kati ya 1637 na 1641. Ndiyo nyumba ya fremu ya mbao ya zamani kuliko zote zinazosimama Amerika Kaskazini. Utaona paa lenye mteremko mkali na dohani nene iliyochomoza katikati. Walioijenga walitoka Uingereza, nao walijenga kama walivyojua kwao: nguzo na boriti nzito za mwaloni, ulimi wa mti mmoja ukiingia kwenye tundu la mwingine, kisha kigingi cha mbao kikipigiliwa kuvifunga. Misumari ilifuliwa mmoja mmoja na mhunzi, hivyo haikuchezewa. Nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito na udongo, wakati mwingine matofali mabichi. Uingereza ukuta kama huo uliweza kuachwa wazi, lakini baridi na barafu za Massachusetts ziliupasua, kwa hiyo wakaufunika kwa mbao nyembamba zilizopandana kama magamba. Ndiyo mbao hizo unazoziona hadi leo kwenye nyumba za mitaa yenu, ingawa siku hizi nyingi ni za plastiki.

Makazi ya kwanza kabisa yaliezekwa kwa nyasi, na dohani nyingine zilikuwa za mbao zilizokandikwa udongo. Matokeo yake ni rahisi kuyakisia. Mwaka 1631, baada ya nyumba kuungua Boston, watawala walikataza dohani za mbao na paa za nyasi katika mji mpya waliokuwa wakiuanzisha ng'ambo ya mto, ambao leo ni Cambridge. Vigae vya mbao vikachukua nafasi ya nyasi, mawe na matofali yakachukua nafasi ya udongo. Chokaa ilikuwa adimu, basi walichoma maganda ya chaza ili kuipata, na mara nyingi waashi walijengea udongo mtupu ndani ya dohani na kuhifadhi chokaa kwa sehemu ya juu inayonyeshewa na mvua. Rhode Island, ambako mawe ya chokaa yalipatikana, mambo yalikuwa tofauti: huko kuna nyumba ambazo ukuta mzima wa upande mmoja ni jiwe, na dohani ndiyo ukuta wenyewe. Nyumba ya Eleazer Arnold ya 1693, mjini Lincoln, ni mfano mzuri.

Sasa ingia ndani. Ukifungua mlango wa nyumba ya Massachusetts ya miaka ya 1600 hukuti ukumbi. Unakuta kijumba kidogo cha kugeukia, ngazi nyembamba imebanwa ukutani, na nyuma yake tumbo la dohani. Kulia chumba kimoja, kushoto chumba kimoja, kila kimoja na meko yake, yote yakitoa moshi kwenye dohani ileile. Chumba kimoja kilikuwa cha kazi zote: kupika, kula, kusokota nyuzi, kutengeneza zana, na watu wengine kulala humo. Cha pili kilikuwa chumba cha heshima. Na kitu cha heshima kuliko vyote ndani yake kilikuwa kitanda cha baba na mama. Orodha za mirathi za wakati ule zinaonyesha mara kwa mara kwamba kitanda bora, pamoja na godoro lake la manyoya na mapazia yake, kilikuwa na thamani kuliko samani nyingine yoyote nyumbani. Mgeni aliketi chumbani mwa kitanda na hakuna aliyeona aibu. Kitambaa kilikuwa mali, na mapazia yalizuia upepo wa usiku.

Viti vilikuwa vichache. Kiti cha mikono alikalia mwenye nyumba, wengine benchi, vigoda na makasha ya nguo. Dari ilikuwa chini, boriti zake wazi, na katikati ilipita boriti moja kubwa kuliko zote iliyobeba sakafu ya juu. Madirisha yalikuwa madogo, ya kufunguka kwa bawaba, na vioo vyake vilikuwa vipande vidogo vya pembe nne vilivyosimamishwa kwa ncha na kushikwa na risasi (ile metali laini, si ya bunduki), kwa sababu kioo kililetwa kwa meli kutoka Uingereza. Taa zilikuwa za mafuta ya wanyama na ya samaki. Fikiria jioni ya Januari humo ndani. Mwanga ni wa meko, na ukisogea hatua chache kutoka motoni mgongo unaganda.

Familia ilipokua, waliongeza vyumba nyuma na kurefusha paa hadi karibu na ardhi. Hapo ndipo lilipotokea lile umbo la nyumba ndefu mbele na fupi nyuma, linalopendwa sana na wapiga picha. Utaambiwa kwamba walifanya hivyo kukwepa kodi ya nyumba za ghorofa. Usiamini. Ilikuwa njia ya bei nafuu ya kupata jiko la nyuma na stoo. Utaambiwa pia kwamba ghorofa iliyochomoza mbele, kama ile ya nyumba ya Paul Revere ya mwaka 1680 hivi pale Boston, au nyumba ya mchungaji Capen ya 1683 kule Topsfield, iliwekwa ili wenyeji wa asili wakivamia wapigwe risasi kutoka juu. Hilo nalo ni la kuwafurahisha watalii. Nyumba za namna hiyo zilijaa Uingereza, mijini ambako hakuna aliyevamiwa na yeyote kwa mishale. Na la tatu, kwamba hazikuwa na makabati ya ukutani kwa sababu makabati yalitozwa kodi kama vyumba: hakuna kodi kama hiyo. Watu walikuwa na nguo chache na makasha ya kuziwekea, basi.

Virginia ni habari nyingine, na jibu la swali lako liko palepale kwenye dohani. Majira ya joto kule ni makali. Kuweka tanuri katikati ya nyumba mwezi Julai ni kujitafutia adhabu, kwa hiyo dohani zilisukumwa nje, moja kila mwisho wa nyumba, joto likapotelea hewani. Nyumba ya tofali iitwayo Bacon's Castle, iliyojengwa 1665 na Arthur Allen katika wilaya ya Surry, inaonyesha jambo hili kwa majivuno yote. Kila upande una dohani tatu zilizounganishwa na kugeuzwa pembe, na ncha za kuta zimekatwa kwa mawimbi kama majumba ya Kiingereza ya enzi ya Mfalme James. Jina lake lilikuja baadaye, kwa kuwa wafuasi wa muasi Nathaniel Bacon waliiteka 1676.

Lakini usidhani Virginia ya miaka ya 1600 ilijaa majumba kama hayo. Wakulima wengi wa tumbaku, hata wenye uwezo, waliishi katika nyumba za nguzo zilizochimbiwa ardhini moja kwa moja, bila msingi. Mchwa na unyevu vilizila nguzo hizo baada ya miaka michache. Homa ziliua watu mapema, tumbaku ilichosha ardhi, na fedha yoyote iliyopatikana ilitumika kununua ardhi nyingine na nguvu kazi, si kujengea. Ndiyo maana nyumba za aina hiyo hazipo tena. Wachimbaji wa mambo ya kale wanazijua kwa madoa meusi ya mashimo ya nguzo udongoni.

Kisha kuna jiko. Ulipokwenda kutembea Virginia bila shaka ulionyeshwa jiko likiwa jengo la peke yake nyuma ya nyumba. Mwongozaji atakuambia ni kwa ajili ya joto na hatari ya moto, na ni kweli. Ila kuna sababu ya tatu ambayo si kila mwongozaji huitaja. Kadiri watumishi wa mkataba kutoka Uingereza walivyopungua na Waafrika waliotiwa utumwani walivyoongezeka, hasa mwishoni mwa miaka ya 1600, ndivyo matajiri walivyotaka kazi za nyumbani ziondoke machoni pao. Mpishi akapelekwa nje pamoja na moto wake, na mara nyingi alilala juu ya jiko hilohilo. Ukitazama ramani ya shamba la namna hiyo, nyumba kubwa katikati na vijumba vya jiko, kufulia na kukaushia nyama vimepangwa pembeni, unaona mpaka uliowekwa kati ya watu kwa kutumia ujenzi.

Usifikiri kwamba Massachusetts ilikuwa salama na hilo. Pale Medford, karibu na Boston, kuna nyumba ya familia ya Royall. Isaac Royall alikuwa na shamba la miwa Antigua, akanunua nyumba hiyo 1732 na kuipanua kwa fahari. Hatua chache kutoka jumba lenyewe lipo jengo la makazi ya watumwa, na linaaminika kuwa ndilo pekee la aina yake lililobaki katika majimbo ya kaskazini. Mmoja wa waliotumikishwa hapo, mwanamke aliyechukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, aliwasilisha ombi kwa bunge la Massachusetts mwaka 1783 akidai alipwe pensheni kutokana na mali ya bwana wake, mtoto wa Isaac huyo, aliyekimbia vita vya uhuru vilipoanza. Aliitwa Belinda, naye alikubaliwa paundi 15 na shilingi 12 kwa mwaka, ingawa ilimbidi arudi tena na tena kudai zilipwe. Ukipata Jumamosi moja, uache majumba mengine yote uende hilo.

Mpaka hapa nimesema Waingereza tu, na ukoloni haukuwa wao peke yao. Nipite haraka kwa wengine. Waholanzi wa bonde la mto Hudson walijenga meko yasiyo na kuta za pembeni, moto ukiwa wazi mbele ya ukuta na moshi ukikusanywa na kibanda cha juu chenye pazia dogo. Walipenda vigae vyenye michoro ya buluu, makabati makubwa ya kuhifadhia shuka, na mlango uliokatwa katikati ili nusu ya juu ifunguke kwa hewa na ya chini izuie kuku na watoto. Nyumba ya Wyckoff, Brooklyn, iliyoanzia 1652 hivi, ndiyo jengo la zamani kuliko yote katika jiji la New York. Wajerumani wa Pennsylvania walikuwa werevu zaidi yao wote katika jambo la joto. Waliunganisha bamba za chuma kuwa sanduku lililochomoza kutoka ukutani: moto wake unatiwa upande wa jikoni, na sebule inapata joto bila moshi hata kidogo. Kaone nyumba ya mawe ya Hans Herr ya 1719 katika wilaya ya Lancaster. Waswidi waliofika Delaware 1638 ndio waliokuja na kibanda cha magogo yaliyolazwa na kukatwa pembe ili yashikane. Wamarekani wengi huamini Waingereza wa kwanza kufika Massachusetts waliishi kwenye vibanda hivyo, lakini Waingereza wale hawakuwa hata wakiijua kazi hiyo. Wafaransa wa bonde la Mississippi walisimamisha magogo wima, wakajaza katikati udongo uliochanganywa na nyasi, na wakaizungushia nyumba varanda pana pande zote, jambo ambalo mtu yeyote aliyeishi nchi ya joto angelifanya bila kufundishwa.

Wahispania nitawapa nafasi zaidi kidogo, maana nyumba zao za St. Augustine, Florida, mji ulioanzishwa 1565, mtu wa Lamu au Zanzibar angezitambua. Ziliinuliwa kwa jiwe liitwalo kokwina, maganda ya kombe yaliyogandamana chini ya ardhi ya pwani kwa maelfu ya miaka, na sakafu ikapigwa kwa chokaa ya chaza iliyochanganywa na mchanga. Ngome yao, Castillo de San Marcos, iliyoanza kujengwa 1672, ni ya jiwe hilohilo. Uliingia nyumbani kupitia ua wa pembeni, si kutoka barabarani, na madirisha ya mbele yalikuwa na kimia cha mbao bila kioo. Dohani? Hazikuwapo. Baridi ya siku chache za Januari walijikinga nayo kwa jiko la mkaa. Waingereza walipouchukua mji 1763, moja ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuzitoboa nyumba hizo na kuziwekea meko. Kule Santa Fe, ambako nyumba ya gavana ilianza kujengwa 1610, kuta zilikuwa za matofali mabichi ya udongo, ujuzi wa kujenga kwa udongo ukiwa wa wenyeji wa Pueblo waliokuwako karne nyingi kabla, na meko yakajibana kwenye kona ya chumba.

Sasa turudi kwa lile umbo la dalali wako. Kuanzia kama 1700 wafanyabiashara wa bandarini na wenye mashamba makubwa walitajirika, na utajiri ukataka kuonekana. Mtindo uliokuja unaitwa Georgian, kwa jina la wafalme wa Uingereza waliofuatana kwa jina George tangu 1714. Ukiuangalia kwa nje utaona mpangilio sawa: mlango katikati ukiwa na taji juu yake, madirisha mawili kila upande, matano juu. Madirisha sasa ni ya kupandisha na kushusha, yenye vioo vingi vya mstatili. Michoro ilitoka kwenye vitabu vya Uingereza, kama kile alichochapisha msanifu James Gibbs mwaka 1728, na seremala wa Virginia au Rhode Island alinakili kutoka humo taji la mlango au sura ya meko.

Ila jambo kubwa halikuwa kwenye taji la mlango. Dohani iliondolewa katikati. Mahali pake pakawekwa ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, ngazi pana ikipanda ndani yake, na dohani zikagawanywa mbili, moja kila upande. Hebu fikiria maana yake. Zamani aliyefungua mlango alikuwa amekwisha ingia maishani mwa familia, sufuria na kitanda vikionekana. Sasa anasimama ukumbini akisubiri, na mwenye nyumba anaamua kama atapelekwa sebuleni, chumba cha kulia, au atajibiwa papo hapo arudi zake. Kule kusini ukumbi huo ulipitisha upepo pia, na familia ilihamia humo kiangazi. Vyumba vikapata kazi maalumu. Kitanda kikapanda ghorofani, na aibu ikapanda nacho.

Fahari nyingine ilikuwa ya kuigiza, nami sioni ubaya wa kulisema. Mount Vernon, nyumba ya George Washington, inaonekana kama ya mawe makubwa yaliyochongwa. Ni mbao. Zilikatwa pembe ili zifanane na mawe, zikapakwa rangi, na mchanga ukarushwa juu ya rangi ikiwa mbichi. Na ufundi wa ndani ya majumba haya mara nyingi ulitoka kwa watu wasio huru. Gunston Hall, nyumba ya George Mason iliyomalizika 1759, inasifiwa kwa michongo yake ya ndani, pamoja na chumba cha kulia kilichopambwa kwa mtindo wa kuiga Uchina. Aliyeisimamia ni William Buckland, seremala kijana aliyeletwa kutoka Uingereza 1755 kwa mkataba wa utumishi wa miaka minne. Alipomaliza mkataba alijitegemea, na kazi yake ya mwisho, nyumba ya Hammond-Harwood kule Annapolis iliyoanza 1774, mimi naiona nzuri kuliko zote za zama zile. Majina ya mafundi Waafrika waliofanya kazi pamoja na watu kama yeye kwa sehemu kubwa hayakuandikwa.

Ndani, kuta zikavikwa paneli za mbao, kwanza chumba kizima, baadaye ukuta wa meko tu na sehemu ya chini ya kuta nyingine, juu yake plasta au karatasi ya ukutani kutoka Uingereza. Sahau ile picha ya rangi zilizopoa, kijivu na maziwa. Uchunguzi wa tabaka za rangi umeonyesha kwamba matajiri walipenda rangi kali: buluu ya Prussia, iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, na kijani kilichotengenezwa kwa kutu ya shaba. Rangi ghali ilikuwa tangazo. Chumba kidogo cha kulia cha Mount Vernon, kilichopakwa kijani hicho 1785, vita vikiwa vimeisha, bado kinawashtua wageni. Sakafuni walitandika turubai lililopakwa rangi kwa miraba, maana zulia la Uturuki lilikuwa ghali mno kukanyagwa na lilitandikwa mezani kabla halijashuka chini. Nje, kinyume na unavyoona leo, nyumba nyeupe zilikuwa chache. Nyingi hazikupakwa kitu, au zilipakwa nyekundu na manjano ya udongo. Mtindo wa nyeupe na vifuniko vya kijani kwenye madirisha ulienea baada ya uhuru.

Samani nazo zilibadilika. Miguu ya viti ilipindika, ikaishia kwa ukucha wa ndege ulioshika tufe. Baada ya Thomas Chippendale kuchapisha michoro yake London mwaka 1754, mafundi wa Philadelphia walichonga maua na majani kila palipopatikana nafasi, na wale wa Newport, wa koo za Townsend na Goddard, walitulia zaidi na kuchonga sura ya kombe kwenye makabati yao. Mti ulikuwa mahogani, uliokatwa na watumwa Jamaika na pwani ya Honduras. Watu wa kawaida waliendelea na misonobari na viti vyepesi vya vijiti.

Utaona sasa kwa nini kodi za 1767 ziliwachoma watu wa makoloni. Bunge la Uingereza lilitoza ushuru vitu vya aina tano vilivyoingizwa katika makoloni: kioo, risasi, rangi, karatasi na chai. Historia huikumbuka chai kwa sababu ilimwagwa baharini Boston 1773. Lakini hebu itazame orodha kwa jicho la mjenzi. Kioo ni madirisha, risasi ni rangi nyeupe na nyekundu ya kupakia mbao, na karatasi ilikuwa pamoja na ile ya ukutani. Aliyekuwa akijenga nyumba mwaka ule aliiona kodi hiyo kwenye kila ukuta. Ushuru wote isipokuwa wa chai ulifutwa 1770.

Baada ya uhuru mtindo ulibadilika ukawa mwembamba na laini, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Ukienda Salem, majumba ya matofali ya barabara ya Chestnut si ya ukoloni. Mengi yalijengwa kati ya 1800 na 1830, kwa fedha za biashara ya bahari. Wafanyabiashara wa mji huo ndio waliokuwa wakipeleka kitambaa cha merikani Zanzibar na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi ya kutengenezea vanishi, kwa hiyo una haki ya kuyatazama kwa jicho la mtu wa nyumbani.

Nyumba ya 1962 inatoka wapi basi? Mwaka 1876 Marekani ilisherehekea miaka 100 ya uhuru kwa maonyesho makubwa Philadelphia, na watu wakaanza kutamani ya kale. Wasanifu wakachukua umbo la Georgian wakalikuza. Mwaka 1926 mchungaji W. A. R. Goodwin akamshawishi tajiri John D. Rockefeller Jr. agharimie kuufufua mji wa Williamsburg, Virginia, na picha zake zikawapa wajenzi wa mitaa ya pembezoni mfano wa kuiga. Ile aliyokuonyesha dalali ni mjukuu wa mfufuo huo. Si nyumba mbaya. Pengine ina joto kuliko ya 1740.

Kuitambua ya kweli, usiishie mbele. Shuka kwanza chini ya sakafu. Dohani ya kale ya katikati ina kitako cha mawe kikubwa kama chumba, wakati ile ya kuiga ina bomba jembamba la boila, na gereji imeunganishwa pembeni. Madirisha mawili yaliyobanwa pamoja ni ya karne ya 20 karibu kila mara. Panda darini ukiwa na tochi: boriti zilizochongwa kwa shoka na vigingi kwenye maungio ni dalili njema, ingawa boriti za kale zilitumiwa tena. Misumari ya kukatwa kwa mashine ilianza kuenea miaka ya 1790, na alama za mviringo za msumeno kwenye ubao zinakuambia ubao huo ni wa miaka ya 1830 au baadaye. Kibao cha mwaka kilichopigiliwa ukutani kichukue kama uvumi mpaka hati za wilaya zikithibitishe. Tume ya Historia ya Massachusetts ina daftari la majengo ya kale kwenye intaneti, lipitie kabla hujarudi kwa dalali.

Na ikitokea mkapenda ya kale kweli, mambo mawili. Uliza halmashauri kama iko ndani ya eneo la kihistoria, maana huenda msiruhusiwe kubadilisha hata dirisha la mbele bila kibali. Halafu ile risasi ya kwenye rangi, ambayo ni sumu, bado iko ukutani. Sheria ya Massachusetts inamtaka mwenye nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 kuondoa au kufunika hatari ya risasi kama anaishi humo mtoto wa chini ya miaka 6. Kwa hiyo kama mna mdogo nyumbani, mleteni mkaguzi wa risasi kabla ya kusaini, na gharama yake muijadili ndani ya bei. Mkaguzi wa dohani naye aje siku hiyohiyo, aseme kama imewekewa bomba la ndani au ni matofali matupu na udongo wa mwaka ule ilipojengwa.